Kwanta bado iko mbali, ila bili na baiti zake zimeshafika

Kwenye magrupu ya madevelopa kuna swali halikauki: kompyuta za kwanta zikija, nijifunze nini ili nisiachwe? Tatizo la swali hili ni hilo neno "zikija". Mei 2016 IBM iliweka mashine ya kubiti 5 (kubiti ni biti ya kwanta, inayoweza kuwa mchanganyiko wa 0 na 1 mpaka uipime) kwenye wingu, na yeyote mwenye kivinjari na akaunti aliweza kuitumia. Amazon ilifungua Braket, huduma yake ya kukodisha mashine za kwanta, kwa umma Agosti 2020. Kwa hiyo kuzifikia si tatizo tena. Kilichobaki ni kujua wewe unayeandika mifumo ya malipo, ya hospitali au ya duka utaguswa wapi.

Utaguswa mahali pawili. Pa kwanza unakwenda mwenyewe: kukodi mashine ya kwanta na kuilipia kwa shoti, yaani kwa kila mara programu yako inapoendeshwa na kupimwa. Hapo ukitaka unapita, na kazi yako haitadhurika. Pa pili panakuja kwako hata kama hukualika, kupitia masasisho ya OpenSSL (maktaba ya usimbaji ya seva nyingi), Chrome na Java, kwa sababu kwanta inatishia funguo tunazotumia kila siku. Hapo ndipo nitakaa zaidi.

Kukodi mashine

Usianze na mashine halisi, anza na laptop. Kuigiza kubiti kikamilifu ni suala la kumbukumbu: kila hali inashikwa na namba changamano ya baiti 16, na idadi ya hali inaongezeka maradufu kwa kila kubiti unayoongeza. Kubiti 25 zinakula MB 512. Kubiti 28 zinakula GB 4, kubiti 30 GB 16, na kubiti 34 GB 256. Laptop ya GB 8 itafika 28 na kugoma kwenye 29. Kwa mtu anayejifunza, kubiti 28 ni nyingi kuliko atakazohitaji mwaka mzima, na zikishasakinishwa hazitaki bando.

Usakinishaji ndio unaowaangusha wengi. Toleo la 1.0 la Qiskit, maktaba ya Python ya IBM ya kuandikia programu za kwanta, lilitoka Februari 2024 na kuondoa vitu ambavyo mafunzo mengi ya YouTube bado yanavitumia: `execute` haipo, na `from qiskit import Aer` haifanyi kazi. Kibaya zaidi, ukiendesha `pip install -U qiskit` juu ya mazingira ya zamani, kifurushi cha `qiskit-terra` kinabaki chini na viwili hivyo vinagombana. Unapata kosa la kuingiza maktaba kabla hata hujaandika mstari. Usihangaike kufuta kimoja kimoja. Futa mazingira yote, tengeneza mapya, kisha:

`python -m venv kwanta`
`source kwanta/bin/activate`
`pip install qiskit qiskit-aer qiskit-ibm-runtime`

Sakiti (mfululizo wa geti, yaani hatua zinazobadilisha kubiti) ya kwanza ya kila mtu ni ile ile: geti ya H kwenye kubiti 0 iwe nusu kwa nusu, CNOT kutoka 0 kwenda 1 ili kuzifunga pamoja, kisha pima zote mbili. Kwenye kiigizi utapata 00 na 11 takriban nusu kwa nusu, basi. Kwenye mashine halisi zitachomoza pia 01 na 10 chache. Hizo hazitoki kwenye msimbo wako, ni makosa ya mashine yenyewe. Jambo jingine linalokula masaa ya watu: Qiskit husoma majibu kutoka kulia, kubiti 0 ikiwa ya mwisho kabisa upande wa kulia. Ukiweka geti ya X, inayogeuza 0 kuwa 1, kwenye kubiti 0 peke yake, jibu ni 01. Anayetarajia 10 atatafuta kosa lisilokuwepo.

Ukitoka kwenye kiigizi kwenda mashine ya IBM, tangu Machi 2024 sakiti lazima itafsiriwe kwanza kwenye geti ambazo mashine hiyo inazo. Ukituma H na CNOT mbichi, inakataliwa. Unaita `generate_preset_pass_manager(optimization_level=1, backend=backend)`, unapitisha sakiti humo, ndipo unaikabidhi kwa `SamplerV2`. Itazame baada ya kutafsiriwa. Sakiti yenye geti 20 inaweza kurudi na 60, kwa sababu kubiti zisizopakana kwenye chipu haziwezi kuongea moja kwa moja, inabidi zibadilishane nafasi njiani.

Na hesabu ya makosa haina huruma. Chukulia kila geti ya kubiti mbili inakosea mara 5 katika 1,000. Ukiwa na geti 100, uwezekano wa sakiti kumaliza bila kosa hata moja ni kama asilimia 60. Ukiwa na geti 1,000, haufiki hata asilimia 1. Ndiyo maana nikisoma tangazo kwamba kampuni fulani "inatumia kwanta kuboresha njia za magari ya mizigo" huwa natafuta kwanza idadi ya geti. Mara nyingi haijaandikwa.

Sasa pesa. IBM inatoa dakika 10 za mashine bure kwa mwezi kwenye mpango wa wazi, na zinatosha kujifunza, maana muda unaohesabiwa ni wa mashine na wa kusubiri foleni hauhesabiwi. Braket inatoza kwa kazi na kwa shoti. Kwa bei zilizochapishwa 2024, kila kazi ilikuwa dola 0.30, halafu shoti moja kwenye mashine ya IonQ Aria ilikuwa dola 0.03, na kwenye ile ya IQM Garnet dola 0.00145. Shoti 1,000 kwenye Garnet ni dola 1.75. Shoti hizo hizo kwenye Aria ni dola 30.30. Bado si janga. Janga linaanza pale algoriti yako ni ya mzunguko, ile ambayo kompyuta ya kawaida inarekebisha vigezo, inatuma sakiti, inasoma jibu, inarekebisha tena. Mizunguko 100 kwenye Aria ni dola 3,030, na mizunguko 100 kwa algoriti za namna hiyo ni michache.

Tahadhari ya bajeti ya AWS haitakuokoa hapo. Takwimu zake husasishwa mara chache kwa siku, kwa hiyo barua pepe itakukuta `for` yako imeshamaliza. Tumia `Tracker` iliyomo kwenye SDK ya Braket yenyewe: funga kazi zako ndani ya `with Tracker() as t:` na usome `t.qpu_tasks_cost()` baada ya kila mzunguko, uvunje ukifika kikomo ulichojiwekea. Ni mistari mitatu tu.

Umbali kutoka huku kwetu hauna shida. Mashine za Braket zinaitwa kupitia kanda za Marekani na Ulaya (Garnet iko `eu-north-1`, IonQ iko `us-east-1`), na kanda ya Cape Town haina huduma hiyo. Lakini kazi inayokaa foleni dakika au masaa haijali milisekunde 200 za nyaya za baharini. Kinachosumbua ni kuita mashine ukiwa umesanidi kanda isiyo yake, ukaambiwa haipo wakati unaiona kwenye ukurasa.

Kuhusu ajira nitapita haraka: nafasi za kuandika sakiti za kwanta ni chache, na nyingi zinataka fizikia au hisabati ya shahada za juu. Afrika, Chuo Kikuu cha Witwatersrand kilijiunga na mtandao wa kwanta wa IBM mwaka 2019. Anayependa, aende. Anayetafuta mkate, asome sehemu inayofuata.

Baiti zinazokuja zenyewe

Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta kubwa ya kutosha ingevunja RSA, na kwa njia hiyo hiyo funguo za elliptic curve. Ukubwa huo unazidi kushuka kwenye makadirio. Mwaka 2019 Craig Gidney na Martin Ekerå walikadiria kubiti milioni 20 zenye makosa na masaa 8 kuvunja RSA ya biti 2048. Mei 2025 Gidney akashusha: chini ya kubiti milioni moja, chini ya wiki moja. Chipu ya Willow ya Google, iliyotangazwa Desemba 2024, ina kubiti 105. Pengo bado ni kubwa mno. Ila angalia ni upande upi uliosogea: mashine zimekua kidogo, hesabu imepungua mara 20.

Hatari ya leo ni ya mtu anayerekodi mawasiliano sasa na kuyaweka stoo mpaka mashine ipatikane. Pima hivi: chukua miaka ambayo data lazima ibaki siri, ongeza miaka utakayotumia kuhamisha mfumo. Ikizidi miaka iliyobaki kabla ya mashine hiyo, umeshachelewa. OTP ya dakika tano haina wasiwasi. Majibu ya vipimo vya VVU au taarifa za kitambulisho cha taifa zinapaswa kubaki siri maisha yote ya mtu.

Kabla ya kushtuka, ondoa visivyoguswa. Nywila zilizohifadhiwa kwa bcrypt au Argon2, AES-256, HMAC-SHA256, JWT (tokeni za kuingia) za HS256: hizo ziache. Kinachoguswa ni ufunguo wa umma peke yake, na unatumika kwa kazi mbili, kukubaliana siri na kutia sahihi. Agosti 13, 2024 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilitoa viwango vitatu: ML-KEM kwa kukubaliana siri, ML-DSA na SLH-DSA kwa sahihi.

Anza na kukubaliana siri. Sahihi ya leo haiwezi kughushiwa mpaka mashine iwepo, lakini siri ya leo inarekodiwa leo. Na bahati nzuri hapa kazi yako ni ndogo, wingu na vivinjari vimeshaifanya nusu yake. Chrome ilianza kutumia njia ya mseto kwenye kompyuta Aprili 2024, na kuanzia toleo la 131 inatumia X25519MLKEM768: X25519 ya zamani na ML-KEM pamoja, ili moja ikivunjwa nyingine ishike. Go 1.24 inafanya hivyo bila kuombwa. OpenSSL 3.5 ya Aprili 2025 pia.

Kwenye seva yako, endesha `openssl version`. Ubuntu 22.04 na 24.04 zina OpenSSL 3.0, Debian 12 vilevile. Hizo hazina ML-KEM, na kuandika jina lake kwenye nginx kutakupa kosa la usanidi. Debian 13 ina 3.5. Ukiwa nayo:

`ssl_protocols TLSv1.2 TLSv1.3;`
`ssl_ecdh_curve X25519MLKEM768:X25519:prime256v1;`

TLS 1.3 ni lazima, 1.2 haina nafasi ya mseto huu. Kisha pima kutoka nje, kwa mashine yenye OpenSSL 3.5:

`openssl s_client -connect seva.yako:443 -groups X25519MLKEM768`

Ikikubaliana, umefika. Ikikatika, jaribu tena kwa `-groups X25519` peke yake. La pili likipita na la kwanza likining'inia bila jibu, tatizo si OpenSSL.

Hapa ndipo uchawi wa watu wa mtandao unapoanzia. Salamu ya kwanza ya mteja, ClientHello, zamani ilikuwa na ufunguo wa baiti 32 na ilitosha kwenye pakiti moja. Ufunguo wa mseto ni baiti 1,216. Pakiti ya Ethaneti inabeba 1,500 kwa jumla, vichwa vikiwemo, kwa hiyo salamu inavunjika vipande viwili. Faiawoli na vigawa mizigo vya zamani vilivyoandikwa kwa dhana kwamba salamu huja mara moja vinasoma kipande cha kwanza, havielewi, vinakata. Dalili zake zinachanganya: Chrome haifungui, `curl` ya zamani kwenye kompyuta hiyo hiyo inafungua, simu ya zamani inafungua, na kwenye logi za programu yako hakuna kitu kwa sababu ombi halikufika. Watu huishia kulaumu cheti au DNS. Tazama kwa `tcpdump`: ukiona salamu imeondoka kwa vipande viwili na jibu ni RST (pakiti ya kukata muunganisho) au kimya, dawa ni kusasisha kifaa cha katikati. Kuzima ML-KEM ni kuficha tu, kwa sababu mteja atakayekuja na Chrome yake hutamzimia wewe.

Kama uko nyuma ya CDN (seva za kati zinazopokea wageni kwa niaba yako), kumbuka njia ina vipande viwili. Mgeni kufika CDN pengine kumeshahimili kwanta. CDN kufika seva yako kunategemea OpenSSL yako, ile 3.0 uliyoiacha.

SSH ni rahisi zaidi. OpenSSH imetumia mseto kwa chaguo-msingi tangu 9.0 ya Aprili 2022, na 10.0 ikahamia `mlkem768x25519-sha256`. Endesha `ssh -v` na usome mstari wa `kex: algorithm`. Ukiona `curve25519-sha256` tupu, upande mmoja ni wa zamani, au mtu aliwahi kubandika orodha ya `KexAlgorithms` kutoka blogu fulani ya "kuimarisha ulinzi" na orodha hiyo sasa ndiyo inayozuia ulinzi. Ifute.

Sahihi zitauma

Sahihi ya Ed25519 ni baiti 64. RSA-2048 ni 256. ML-DSA-44, ndogo kuliko zote za familia yake, ni 2,420. ML-DSA-65 ni 3,309, na ufunguo wake wa umma ni 1,952. SLH-DSA ndogo ni 7,856. Namba hizi zinapita ndani ya mifumo yetu kama lori kwenye kichochoro.

Chukua JWT. Sahihi ya ML-DSA-65 ikiandikwa kwa base64 ni herufi 4,412. Kivinjari kinakubali kuki ya baiti 4,096 hivi. Ukiweka tokeni hiyo kwenye kuki, kivinjari kinaitupa kimya kimya; mtumiaji anaingiza nywila sahihi, anarudishwa ukurasa wa kuingia, anaingiza tena, anarudishwa tena, na seva inaandika 200 kila mara. Kwa tokeni za ndani ya mfumo mmoja, rudi kwenye kitambulisho cha sesheni cha baiti 32 kilichohifadhiwa kwenye Redis. Kilikuwa chaguo zuri hata kabla ya kwanta.

Chukua QR. Uwezo wake wa juu kabisa ni baiti 2,953. ML-DSA-65 haiingii, iwe kwa mbinu gani. ML-DSA-44 inaingia na kukuachia baiti 500 na kitu, lakini hiyo ni QR iliyosongamana kiasi kwamba printa ya risiti na kamera ya simu ya bei nafuu havitaelewana. Vyeti, tiketi na vibali vinavyohakikiwa bila intaneti kwa sahihi iliyomo ndani ya QR vitabidi vifikiriwe upya. Falcon, njia nyingine ya sahihi ambayo NIST iliichagua 2022, ina sahihi ya baiti 666 hivi na ndiyo inayotoa matumaini hapa, ingawa utiaji sahihi wake unatumia hesabu za desimali zinazoelea na ni rahisi kuvujisha siri ukiandikwa vibaya. Usiuandike mwenyewe.

Na SMS? Sahihi ya Ed25519 kwa base64 ni herufi 88, inaingia kwenye ujumbe mmoja. ML-DSA-44 ingechukua jumbe 22. Hapo tumia HMAC na ufunguo wa pamoja, usahau ufunguo wa umma.

Hifadhidata nazo zina mitego ya kimya. Safu ya `VARCHAR(255)` kwa ufunguo, `VARBINARY(512)` kwa sahihi. MySQL ikiwa haiko kwenye hali kali, itakata mwisho wa sahihi na kukubali. Kosa utaliona siku ya kuhakiki, miezi baadaye. Panua safu sasa, na ongeza safu ya jina la algoriti kwa kila sahihi. Kujua mfumo wako unatumia nini, anzia hapa:

`grep -rnE "RS256|ES256|SHA1withRSA|SHA256withRSA|RSA/ECB|secp256" .`

Utashangaa palipojificha. Kwa mifumo ya kwetu, orodha inajirudia: jumbe za GePG (mfumo wa malipo ya serikali ya Tanzania) zinazotiwa sahihi kwa RSA kwa ufunguo uliomo kwenye faili la PKCS#12, na `SecurityCredential` ya Daraja (API ya M-Pesa ya Kenya), ambayo ni nywila iliyosimbwa kwa RSA kwa kutumia cheti cha Safaricom. Huwezi kuzibadilisha peke yako. Upande wa pili ndio unaoamua, na siku ukiamua utakuja na tarehe ya mwisho. Rasimu ya NIST ya Novemba 2024 inapendekeza RSA-2048 isishauriwe tena baada ya 2030 na ipigwe marufuku baada ya 2035, na benki na wabia wa nje watazifuata tarehe hizo.

Unachoweza kufanya leo ni kukusanya kila mahali panapotia sahihi pawe pamoja. Kiolesura kimoja, `saini(data)` na `hakiki(data, sahihi, algoriti)`, na jina la algoriti litoke kwenye usanidi, lisiandikwe ndani ya kila kidhibiti. Kwa Java, toleo la 24 lina `Signature.getInstance("ML-DSA")` tayari; walio kwenye 17 waongeze Bouncy Castle 1.79 au zaidi. Weka nyuma ya kiolesura hicho utekelezaji wa majaribio wa ML-DSA, uendeshe majaribio yako yote, uone panapopasuka. Mara nyingi hesabu haipasuki. Kinachopasuka ni heda iliyozidi, safu iliyokatwa, na ule mstari wa mwaka 2017 unaosema `if (sahihi.length != 256)`.